Mama Kijana na Mtoto Aliyeungua

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mtu ana karatasi yake mbele yake. Ambaye hajaweza kusoma peke yake, na aketi karibu na mwenziwe anayeweza. Somo letu la leo ni la afya ya nyumbani, lakini ndani yake mna mambo ya imani pia, na mambo ya uvumilivu. Sikilizeni kwanza. Kisha mtasoma pamoja na mwalimu wenu, na mwisho mtakuta maswali ya kuzungumza.

Wazee wetu wana methali isemayo: Ajali haina kinga. Kila mmoja wetu ameisikia. Gari likipinduka, twasema ajali haina kinga. Mtu akianguka kutoka mnazini, twasema hivyo hivyo. Methali hiyo ina huruma ndani yake. Yamwambia mtu aliyepatwa na msiba asijilaumu kupita kiasi, maana binadamu hajui litakalotokea kesho. Lakini methali ni kama kisu. Kisu humenya muhogo, na kisu hicho hicho hukata kidole. Mtu akiitumia methali hii kumfariji jirani, ameitumia vyema. Akiitumia ili asiondoe sufuria ya moto mbele ya mtoto, ameitumia vibaya.

Basi leo tutazame ajali ya namna moja tu, nayo ni ajali ya kuungua. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao 180,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuungua, na walio wengi ni watu wa nchi zenye kipato kidogo na cha kati, zikiwamo nchi zetu za Afrika. Wengine wengi zaidi hawafi, bali hubaki na makovu na viungo vilivyokunjamana. Wanawake na watoto aghalabu huungulia nyumbani, na hasa jikoni.

Sababu yake si ngumu kuiona. Mafiga yetu matatu hukaa chini. Mtoto wa miaka miwili akisimama karibu na mafiga, mkono wake wafika kwenye sufuria bila taabu. Anaona mvuke, anasikia harufu nzuri, anataka kujua. Tena ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko ya mtu mzima. Maji yanayomwunguza mtu mzima kidogo humwunguza mtoto sana.

Sasa nataka tumfuate mama mmoja kijana. Msimtafute kijijini, maana nimemtunga kwa ajili ya somo hili. Lakini mambo yatakayompata yamewapata akina mama wengi, wa pwani na wa bara.

Tuseme ana miaka 21, naye anakaa kwa wakwe zake katika kijiji cha pwani ya Tanga. Mumewe ni mvuvi, na siku nyingine hulala baharini. Mtoto wao wa kwanza ni binti wa miaka miwili. Mkononi amefungwa hirizi na bibi yake, na juu ya kifundo cha mkono amevaa bangili ndogo. Mama huyu huamka alfajiri, husali, huteka maji, kisha hupika uji. Hana uvivu wala hana uzembe. Nasema hivyo mapema ili tusije tukamhukumu.

Asubuhi moja alitoka nje kuchukua kuni. Hakukaa hata muda wa mtu kuhesabu mia. Akasikia ukelele, akarudi mbio. Mtoto alikuwa ameivuta sufuria, na uji umemwagika juu ya mkono wake wa kulia, toka begani hata vidoleni, na kidogo kifuani. Uji ni mbaya kuliko maji, kwa kuwa hunata juu ya ngozi na kuendelea kuunguza.

Majirani walikuja kusaidia, kama ilivyo desturi yetu njema. Mmoja alileta dawa ya meno. Wa pili alileta yai. Wa tatu alileta mafuta ya kupikia, na wa nne alisema jivu ndilo dawa. Wote walikuwa na nia nzuri, na wote walikosea. Vitu hivyo huzuia joto lisitoke katika mwili, huingiza uchafu katika kidonda, na daktari akija kukitazama hakioni vizuri. Mama yetu aliwashukuru, asivitumie. Alikuwa amefundishwa kliniki alipompeleka mtoto kupimwa uzito. Akafanya mambo matano. Tafadhali yasomeni polepole, kila mtu sentensi moja.

Kwanza, alimwondoa mtoto karibu na moto, akamvua nguo iliyolowa uji. Kama nguo ingalikuwa imegandamana na ngozi, asingaliivuta.

Pili, alimvua bangili na hirizi, maana mkono ulioungua huvimba, na kitu kilichofungwa huzuia damu isipite.

Tatu, aliumwagia mkono maji safi ya baridi, ya mtungini, polepole kwa kata, kwa muda wa dakika 20. Hakutumia barafu, kwa sababu barafu huzidi kuidhuru ngozi.

Nne, alimfunika mtoto sehemu nyingine za mwili kwa kanga kavu, asipatwe na baridi kali.

Tano, alikifunika kidonda kwa kitambaa safi bila kukibana, akaondoka siku ile ile kwenda zahanati. Hakuweka pamba, maana pamba hushika kidonda. Malengelenge hakuyapasua.

Hapo kwenye jambo la pili palitokea shida. Mama mkwe alimshika mkono akasema, "Mwanangu, usiifungue hirizi hiyo. Ndiyo kinga ya mtoto."

Mama kijana alijibu kwa adabu, "Mama, mkono utavimba na kamba itambana. Nitaitunza mimi mwenyewe, mpaka apone." Akaifungua, akaifunga katika pindo la kanga yake.

Ndugu wanafunzi, sikuja hapa kubishana na mtu juu ya hirizi. Nasema neno hili tu: kamba haijui kama imeshika hirizi au imeshika kitu kingine. Mkono ukivimba, kamba hubana.

Shida ya pili ilikuwa saa. Nyumba ile haikuwa na saa, na dakika 20 ni ndefu mtoto akiwa analia. Mama mkwe alipoona ameshindwa kwa hirizi, hakununa. Alichukua tasbihi yake. Tasbihi ina punje 99. Akimtaja Mungu polepole kwa kila punje, mzunguko mmoja ni kama dakika mbili. Basi mama alimwaga maji, na bibi alizungusha tasbihi mara kumi. Tazameni jambo hilo. Maji yalifanya kazi ya maji, na dua ilifanya kazi ya dua, wala hakuna iliyomfukuza mwenziwe. Asiye na tasbihi na ahesabu sitini, polepole, mara ishirini.

Hata kama umechelewa, usiseme basi imekwisha. Maji ya baridi husaidia hata saa tatu zikiwa zimepita tangu mtu aungue. Lakini ya mapema ndiyo bora.

Zahanati iliwapa barua ya kwenda hospitali ya mkoa. Daktari alifika na jambo la kwanza alilofanya ni kupima ukubwa wa kidonda. Wengi wetu twadhani kipimo hicho chataka mashine. La. Kipimo ni kiganja cha mgonjwa mwenyewe. Kiganja cha mtoto, pamoja na vidole vyake vilivyobanwa, ni karibu sehemu moja katika sehemu mia za ngozi ya mwili wake. Daktari alihesabu viganja kumi na kimoja. Mtoto aliyeungua zaidi ya sehemu kumi katika mia hana budi kulazwa na kutiwa maji katika mshipa. Sababu yake ni hii: mwili ulioungua huvuja maji ya damu kwa ndani na kwa nje, na mtoto aweza kufa kwa kupungukiwa na maji, hali jirani zake wanasema, "Hajambo, amenyamaza." Kunyamaza huko si kupona. Aweza kuwa amelegea.

Alipewa dawa ya maumivu. Alichomwa sindano ya kuzuia pepopunda. Kidonda kilioshwa na kufungwa kwa bandeji safi. Kifua kilifunga katika majuma mawili. Lakini kiwiko kilikuwa kimeungua hata ndani, hakikufunga. Madaktari wakachukua ngozi nyembamba kutoka pajani mwake, wakaipandikiza kiwikoni. Mama alipoambiwa hivyo alitetemeka. Akauliza, "Na paja je?" Akaelezwa kwamba ngozi huchukuliwa ya juu tu, na pale ilipotoka huota tena katika majuma mawili hivi. Mama mwenye swali na aulize. Kuuliza daktari si utovu wa adabu.

Sasa tuje kwenye imani.

Wakati wa jioni wageni walikuja wodini. Mmoja alisema, "Ni mapenzi ya Mungu." Mwingine alisema, "Mtoto ameonewa kijicho. Mtoeni hapa usiku, mpelekeni kwa mganga." Wa tatu, naye ni mtu wa ukoo, aliuliza kwa sauti, "Mama mtu ulikuwa wapi?" Wageni waliondoka, lakini maneno yao yalibaki. Usiku mama kijana hakulala. Alisali, na katika sala yake alimwuliza Mungu kosa lake ni lipi, hata aadhibiwe kwa mkono wa mtoto asiye na dhambi.

Kitanda cha pili alikuwapo mama mwingine, Mkristo kutoka bara, na mtoto wake aliyeangukiwa na taa ya mafuta. Naye alikuwa akisali usiku. Hawakusali kwa maneno mamoja, lakini walipokezana kuwapepea watoto, mmoja akilala na mwenziwe akikesha. Huo nao ulikuwa ni uchaji Mungu.

Siku ya pili mama mkwe alifika na kapu lake. Alileta dagaa, maharage, mayai na maziwa, maana wauguzi walikuwa wamesema kwamba kidonda cha moto hula mwili, na mtoto asipopata vyakula vya kujenga mwili, ngozi haifungi. Alimkuta mkwewe amevimba macho. Mama kijana akamweleza mashaka yake yote. Bibi yule alikaa kimya, kisha akasema, "Mwanangu, mafiga yale niliyaweka mimi pale chini, miaka thelathini sasa. Tusimsingizie Mungu kwa mafiga yetu."

Ndugu wanafunzi, mwalimu na asimame hapa kidogo, na maneno ya bibi huyu yasomwe mara mbili.

Bibi hakusema kwamba hakuna Mungu. Hakumwambia mkwewe aache sala. Alisema tu kwamba lililo la mikono yetu tulitengeneze kwa mikono yetu. Waislamu wana neno tawakali, yaani kumtegemea Mungu. Wakristo nao husema kumtumaini Bwana. Viongozi wa dini zote mbili hufundisha kwamba mkulima huomba mvua, na huku amekwisha lima. Asiyelima akaomba mvua, hajamtegemea Mungu, amemtegea. Basi na mama vile vile. Amwombee mtoto, na ampeleke hospitali. Aombe dua, na asiruke siku ya kubadili bandeji. Imani ilimpa mama huyu kitu ambacho dawa haina, nacho ni nguvu ya kuamka tena kesho akafanya jambo lile lile gumu. Na kama mtakavyoona, alihitaji nguvu hizo.

Baada ya majuma sita walirudi nyumbani. Kijiji kilifurahi, wengi wakadhani mambo yamekwisha. Hapana. Kovu la moto, hata baada ya kidonda kufunga, huendelea kujivuta miezi mingi, kama ngozi ya ngoma inavyokauka juani. Likiwa juu ya kiwiko, huukunja mkono pole pole. Likiwa shingoni, huvuta kidevu kifuani. Mtoto hupenda kukaa na mkono umekunjwa, kwa sababu hivyo hasikii maumivu. Lakini kiungo kikikaa hivyo, hugandia hivyo.

Kwa hiyo mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa mama kazi. Kila siku, mara kadha wa kadha, aunyoshe mkono wa mtoto taratibu, aushikilie hapo, kisha auachie. Usiku amfunge banzi, yaani kibao chepesi, ili mkono ulale umenyoka. Ngozi ikiwa imekwisha funga kabisa, alipake kovu mafuta na kulikanda kwa kidole, na alikinge na jua. Tena aliambiwa kwamba kovu litawasha sana, na kazi hii ni ya mwaka mzima au zaidi.

Siku za kwanza mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Majirani walisimama mlangoni wakasema, "Mama gani huyu? Mwache mtoto apumzike, ameteseka vya kutosha." Hata mumewe, aliporudi kutoka baharini, alitoka nje asisikie kilio. Ndipo bibi alipomwita mwanawe akamwambia, "Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Rudi ndani umshike mtoto, mkeo amnyoshe." Baba akarudi. Tangu siku ile aliifanya yeye zamu ya jioni, kila alipokuwa nyumbani. Alitunga mchezo: alishika kipande cha embe juu, mtoto akaunyosha mkono kukipata. Kilio kikapungua. Wazee wamesema, samaki mkunje angali mbichi. Na kovu ni hivyo hivyo, linyoshwe lingali laini.

Mwaka ulipopita, mkono ulinyoka karibu wote. Nasema karibu, kwa kuwa sitaki kuwadanganya. Hauko sawasawa kabisa na wa kushoto, na kovu litakuwapo siku zote. Lakini mtoto anakula kwa mkono wake wa kulia, na akienda shule ataweza kushika kalamu. Mama yake alimshukuru Mungu kwa hilo, na alikuwa na haki ya kumshukuru.

Pengine darasani mwenu yupo mtu mwenye mtoto ambaye kovu lake limekwisha kukunja mkono au shingo. Asikate tamaa, wala asimfiche ndani. Madaktari wa upasuaji katika hospitali kubwa waweza kulifungua kovu la namna hiyo na kupandikiza ngozi, hata kama miaka imepita. Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ina wodi ya wagonjwa walioungua. Aanzie kwa mganga wa zahanati, aombe barua.

Sasa turudi kwenye methali yetu. Je, ajali hii haikuwa na kinga?

Mwaka 1973, nchini Tanzania, watu wapatao milioni mbili waliketi katika vikundi kusikiliza masomo ya redio yaliyoitwa Mtu ni Afya. Zamani wengi walidhani homa na kuhara ni mambo ya kupokea tu. Katika vikundi vile walisoma, wakajadiliana, kisha wakaondoka na majembe wakachimba vyoo na kufyeka majani. Walijifunza kwamba ugonjwa una mahali unapotoka. Na moto una mahali unapotoka. Nitataja kinga chache ambazo hazihitaji fedha nyingi.

Jiko na liinuliwe. Tofali za udongo zajenga meko yaliyo juu ya kifua cha mtoto, na kazi hiyo yafaa ifanywe na baba. Kama haliwezi kuinuliwa, lizungushiwe ua mdogo wa fito.

Sufuria yenye mkono, mkono wake na uelekee ukutani.

Ukichanganya maji ya kumwogesha mtoto, tia ya baridi kwanza, ya moto baadaye. Maji ya nyuzi 60, ambayo hayajafika hata kuchemka, huunguza ngozi ya mtu mzima hata ndani kwa sekunde tano tu. Ya mtoto huungua upesi zaidi.

Taa ya mafuta iwekwe juu, isiwekwe sakafuni wala karibu na chandarua. Mafuta ya taa yasitiwe katika chupa ya soda, kwa maana mtoto atayanywa.

Na mwisho, mama akitoka kuchukua kuni, awepo mtu wa kumshika mtoto. Nyumba yenye bibi, baba, mawifi na mashemeji haikosi mtu. Kumlinda mtoto si kazi ya mama peke yake.

Maswali ya kuzungumza

1. Methali "Ajali haina kinga" yafaa kutumiwa lini, na lini haifai?
2. Kwa nini mama alifungua hirizi na bangili? Wewe ungalimjibu nini mama mkwe?
3. Hesabu: tasbihi ina punje 99. Mizunguko kumi ni punje ngapi?
4. Bibi alikuwa na maana gani aliposema, "Tusimsingizie Mungu kwa mafiga yetu"?
5. Kwa nini mkono hauna budi kunyoshwa hata mtoto akilia?

Maneno ya kuandika daftarini

kovu, kiwiko, kiganja, banzi, pepopunda, malengelenge, tawakali.

Kazi ya nyumbani

Leo jioni kila mtu na asimame karibu na jiko la nyumbani kwake, apime kwa shubiri urefu wake toka chini, kisha apime kifua cha mtoto mdogo wa nyumba ile. Aandike tarakimu mbili hizo, na chini yake aandike sentensi moja: Nitafanya nini kabla ya juma hili kwisha. Akutaneni na karatasi hizo darasani, mzisome kwa sauti, na mwalimu aandike ubaoni majina ya wanaohitaji msaada wa kubeba tofali.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, na Mungu awalinde watoto wenu.